Mngurumo wa Koili Moja

Besi ile ilikuwa na matundu matatu tumboni, yote yamechongwa kwa patasi na mkono wa Mzee Koili mwenyewe, na katika kila tundu alikuwa amelaza pikapu ya aina yake. Pikapu ndiyo sikio la gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, inakaa chini ya nyuzi, uzi ukitikisika inasikia na kupeleka habari kwenye spika. Kuzungusha waya huo ndiyo ilikuwa kazi ya mzee, na ndiko lilikotoka jina lake. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe hakukitafuta kilipopotea, maana alikuwa ameapa hatakanyaga tena ofisi ya mkubwa yeyote.

Kiapo hicho alikila siku aliyomzika mkewe. Mkewe alikuwa mfagizi katika jengo la maofisi, na lifti ya jengo lile ilikuwa na ugonjwa wa kufungua mlango ilhali yenyewe haijafika. Wafagizi walisema. Wakasema tena. Wakubwa wakavaa miwani ya mbao. Asubuhi moja mama wa watu akaingia na ndoo yake mahali palipotakiwa kuwa na sakafu. Baadaye akaja bwana mmoja mwenye tai, akasimama mbele ya wafiwa, akasema marehemu hakuwa mwangalifu. Tangu hapo Mzee Koili akawa na neno moja tu juu ya watu wote wenye funguo za ofisi: "Hao? Hao wakikwambia nje kuna jua, toka na mwavuli." Watu wakamzoea. Akilalamikia maji, akilalamikia barabara, wanasema ni kinyongo, muacheni mzee. Hata siku aliyosema kweli, kweli yake ilipita masikioni mwao kama mlio wa jenereta ya jirani.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye mashabiki walimwita Chiriku kwa jinsi alivyoimba kama hahitaji kuvuta pumzi. Mumewe Chiriku alikuwa mpiga besi, wakamwita Dole kwa sababu alipiga nyuzi kwa kidole gumba. Wawili hao walikuwa wamehangaika miaka na miaka kwenye harusi za watu, leo huku kesho kule, mpaka wakapata kazi ya kudumu katika ukumbi mpya wa burudani nyuma ya stendi ya mabasi. Siku ya kufungua ukumbi ilipokaribia, Dole akamwomba mkwewe aje mchana na besi yake ya matundu matatu, wajaribu pikapu ipi inakubaliana na ukumbi ule, kisha amtengenezee ya kwake.

Ukumbi ulikuwa unanuka rangi mbichi. Ukingoni mwa jukwaa kulikuwa na uzio wa mabomba ya chuma, umepakwa rangi ya dhahabu, unateremka pamoja na ngazi mpaka chini walipo watu. Juu ya mabomba hayo zilifungwa taa za rangi, nyekundu, buluu, kijani, zimefuatana kama shanga shingoni.

"Anza na ya katikati," mzee alisema.

Ya katikati ilikuwa koili iliyokatwa nusu mbili, nusu moja inasikiliza nyuzi nene, nusu nyingine nyuzi nyembamba. Dole akapiga. Sauti ikatoka imeshiba, ikasimama katikati ya ukumbi kama mtu mnene mlangoni.

"Hii inakwenda na kila kitu," Dole akasema. "Kama chumvi."

"Kama wewe," Chiriku akadakia kutoka kwenye viti. "Haimuudhi mtu, na ikiondoka hakuna atakayeuliza imekwenda wapi."

"Baba, unamsikia binti yako?"

"Namsikia. Mdomo huo karithi kwa mama yake, mimi usiniulize. Haya, ya nyuma."

Ya nyuma ilikuwa na koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, ili uchafu wa umeme ukiingia kwa huyu ufutwe na yule. Sauti yake ilikuwa nzito, imebana, kama ngumi ndani ya blanketi. Dole akaacha kupiga, na spika ikanyamaza kimya kabisa, usingejua kama imewashwa.

"Safi!" Dole akasema. "Haina hata punje ya kelele."

"Haina hata punje ya roho," Chiriku akasema. "Nikiimba juu ya hiyo nitakuwa kama naita mtu niko nje ya dirisha. Mimi nataka ya mbele."

Ya mbele ilikuwa koili moja tupu, ya kizamani, ile ambayo mzee aliipenda kuliko zote ingawa hakuwahi kukiri. Dole alipoigusa tu, Chiriku akasimama. Kila noti ilikuwa na mifupa yake, unaweza kuihesabu. Akaanza kuimba taratibu, bila maneno, na sauti yake ikakaa juu ya besi kama kikombe juu ya sahani.

Lakini chini ya sauti hizo mbili kulikuwa na ya tatu. Nguuuuu.

Koili moja hunguruma, hilo kila mpiga besi analijua. Haina mwenzake wa kuifutia uchafu, kwa hiyo inabeba kila umeme unaopita jirani. Dawa yake ni kulaza kiganja juu ya nyuzi, na kelele inakatika. Dole akalaza kiganja. Kelele haikukatika. Akageuka kumtazama mkewe, na alipogeuka mngurumo ukapanda.

"Nipe," mzee akasema.

Akaivaa besi, akauelekea uzio. Kila alivyoukaribia ndivyo mngurumo ulivyozidi, mpaka bilauri ya maji iliyokuwa juu ya spika ikaanza kutembea yenyewe. Akarudi nyuma, mngurumo ukashuka. Akainama, akaipitisha besi kando ya bomba, ngazi kwa ngazi, kama daktari anayepitisha chombo chake mgongoni mwa mgonjwa.

"Mzee wangu, unatafuta madini?" Dole akacheka.

"Zima zile taa za rangi."

Dole akazima. Mngurumo ukafa palepale. Akawasha. Ukarudi, mnene kuliko mwanzo.

Mzee Koili akarudi nyuma hatua moja. Yeye hakuwa fundi umeme, na shule aliiacha kabla haijamfundisha lolote la maana. Lakini sikio lake lilijua kitu kimoja: koili hailalamiki juu ya chuma kilichokaa bure. Inalalamika juu ya umeme unaotembea. Basi umeme wa taa zile ulikuwa unatembea ndani ya uzio. Aliyezifunga, kwa haraka au kwa uvivu, umeme wa kwenda aliupa waya, na wa kurudi akauachia mabomba.

Meneja wa ukumbi akatokea wakati huohuo, mtu wa makamo mwenye shati lililonyooshwa mpaka linakata. "Hiyo kelele ni ya nini? Wageni rasmi wanakuja hapa, mnataka wadhani tuna mashine ya kusaga?"

Mzee akamweleza. Alieleza vibaya, maneno yakikimbizana, mkono mmoja umeshika besi na mwingine unaonyesha mabomba. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye uzio, akaukumbatia kwa viganja vyote viwili.

"Nimekufa?" akauliza.

Vibarua waliokuwa wanapanga viti wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Hujafa kwa sababu umeme una njia," mzee akasema. "Unapita zake unashuka ardhini huko. Ukikosa njia ndipo utatafuta mtu."

"Mzee, pole sana na yaliyokupata. Wote tunajua. Lakini ukumbi huu hauna lifti."

Hata vibarua waliona aibu, wakajifanya wanahesabu viti.

"Gitaa hilo lina sehemu isiyonguruma, sivyo?" Meneja akamgeukia Dole. "Pigeni hiyo. Tatizo limekwisha."

Chiriku akamsindikiza baba yake mpaka mlangoni. "Baba, nakuomba. Tumeitafuta kazi hii kwa machozi. Unga wetu usije ukamwagika kwa ajili ya kelele ya spika."

"Mama, mimi sikatai uimbe. Chuma kile usikiguse, basi. Una maikrofoni mkono mmoja, nayo waya wake unashuka ardhini. Wa pili ukishika chuma, moyo wako ndio unakuwa katikati."

"Sawa, Baba. Sitagusa."

Alisema kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, na mzee akajua kuwa ameshasahau kabla hajamaliza kusema.

Siku ya ufunguzi aliomba akae jukwaani kando ya amplifaya, awe fundi wa dharura. Meneja akakubali, kwa kuwa fundi wa bure hakatazwi. Onyesho lilianza jua likiwa bado linaingia madirishani. Viti vilijaa, wageni rasmi wakapewa makochi ya mbele, watoto wakaning'inia kwenye uzio wa dhahabu kama nguo zilizoanikwa. Mzee akawakaripia wakashuka. Akageuka, wamepanda tena. Mwanamke mmoja akamwambia, "Kwani babu, chuma umenunua wewe?"

Dole alipiga besi ya mkwewe kwa koili mbili, na besi ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Hicho ndicho kilichomtesa mzee. Koili mbili zilikuwa zimemziba masikio. Mabomba yale yangeweza kuwa yanafanya lolote, naye asisikie. Akatamani hata mngurumo, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa anavyotamani kusikia akikoroma.

Ndipo ukafika wimbo wa taratibu. Chiriku akamkonyeza mumewe. Huo walikuwa wamepatana kimyakimya, Meneja apende asipende. Dole akaizungusha swichi, koili moja ikafunguka, na chini ya wimbo ukaingia ule mngurumo. Kwenye makochi Meneja akatoa macho. Mzee Koili akashusha pumzi. Nguruma, alisema moyoni, nguruma tu, maadamu unanguruma najua unapita.

Chiriku aliimba ubeti wa kwanza akiwa katikati ya jukwaa. Wa pili akaanza kusogea mbele. Watu walikuwa wametulia tuli, mama mmoja ameshika shavu.

Katikati ya ubeti wa pili, mngurumo ukakatika.

Ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Besi ikabaki peke yake, tamu, safi, yenye mifupa yote na bila uchafu wowote. Dole akainua uso akatabasamu. Na mzee naye, kwa nukta ile moja, akafurahi. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuifukuza kelele kwenye nyuzi, kelele ikiondoka moyo wake hufurahi kabla kichwa hakijauliza imekwenda wapi.

Kisha akaona taa za rangi zimezimika zote. Ukumbi ukapiga miluzi. "Uuuu! Mambo hayo!" Walidhani ni sehemu ya onyesho, wimbo wa mapenzi na giza kidogo. Taa kubwa za darini zilikuwa zinawaka bado. Zilizokufa ni zile za kwenye uzio tu.

Njia imekatika, mzee akawaza. Mahali fulani chini ya jukwaa chuma kimeachana na chuma. Umeme umeshafika kwenye mabomba na hauna pa kwenda.

Watoto walikuwa wameshashuka kumfuata Chiriku kwa macho, mikono yao imeshika vitambaa vya mama zao. Chiriku naye alikuwa anaelekea kwenye ngazi, maikrofoni mdomoni, mkono wa kushoto umenyooka mbele kama unavyonyooka mkono wa mtu yeyote anayeteremka ngazi.

"Chiriku!" mzee akaita. Spika zikaimeza sauti yake. "Mama! Usishike!"

Akatupa kila kitu alichoshika. Mguu wake ukanasa kwenye waya wa amplifaya, akajinasua, akakimbia jukwaa zima mbele ya wageni rasmi na shati limechomoka. Vidole vya bintiye vilikuwa vimefika. Hakumshika, hakukuwa na muda wa kumshika. Alimpiga kikumbo kwa bega lake lote, na Chiriku akaruka nje ya ngazi, akaangukia mkono sakafuni, maikrofoni ikalia kama chuma kinachochinjwa.

Mfupa wa mkono ulivunjika. Watu waliokuwa mbele walisema waliusikia.

Nani angemsikiliza tena baada ya hapo? Mzee mwenye kinyongo amemsukuma mwanawe kutoka jukwaani mbele za watu. Walinzi walimtoa wamembeba juujuu, naye anapiga kelele, "Msiguse chuma! Wekeni watoto mbali!" Meneja aliwaambia wageni rasmi kwamba ni mgonjwa, alifiwa na mke.

Kesho yake Meneja alileta fundi umeme, akamwita na mzee ashuhudie, apate kufunga mdomo. Fundi akagusa bomba kwa testa. Testa haikuwaka. Akagusa la pili, la tatu. Haikuwaka.

"Washa taa kwanza," mzee akasema. "Swichi imezimwa. Umeme hauingii, utauona wapi?"

Fundi akamtazama Meneja. Meneja akatazama saa yake.

"Mzee," fundi akasema, naye hakumwangalia usoni, "mimi nimeitwa kupima chuma. Taa sikuitiwa."

Ndivyo walivyo, mzee aliwaza akirudi nyumbani. Wanamlipa mtu ili aangalie upande wa pili, halafu wanakwambia mtaalamu ameangalia.

Chiriku alikuja kumwona baba yake bandeji ya plasta ikiwa imefika kiwikoni. Alikaa kwenye kigoda cha kazi, katikati ya mabunda ya waya, akacheza na sumaku moja muda mrefu. Mzee akaendelea kuzungusha waya. Aliogopa kusikia.

"Meneja aliniuliza kama nilihisi kitu," Chiriku akasema mwishowe. "Nikamwambia sikuhisi."

"Sawa, mama."

"Si sawa. Nilihisi." Akaviangalia vidole vyake vilivyochungulia kwenye plasta. "Kama mchwa, Baba. Mchwa wengi wanapanda mpaka hapa. Na kile chuma kilikuwa kama kinanivuta kwake. Kisha ukanigonga."

Mzee akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangefunga ukumbi. Tungekula nini? Dole aliniomba ninyamaze." Akafuta pua kwa mkono mzima. "Baba, leo wanapiga tena. Taa zimewaka."

"Nani kazitengeneza?"

"Hakuna. Waliwasha swichi zikagoma. Kibarua mmoja aliingia chini ya jukwaa akaona boliti ya uzio imelegea, akaikaza. Alipoikaza tu taa zote zikawaka zenyewe. Walicheka sana."

Mzee Koili hakucheka. Boliti inakazwa kwenye uzio, taa zinawaka. Mtu anataka ushahidi gani mwingine? Boliti iliyolegea mara moja, chini ya jukwaa linalokanyagwa na kurukwa, kesho italegea tena.

"Na Dole anapigia ipi?"

"Koili mbili. Meneja aliiondoa ya mbele kwa bisibisi yake mwenyewe. Kasema hataki kusikia mngurumo tena humo ndani."

Mzee alikuwa ameshasimama anatafuta viatu. Lakini Chiriku akamtangulia mlangoni. "Wewe hawatakusikiliza. Nitasema mimi. Nitasema nilihisi, na nitasema mbele ya wanamuziki wote."

Walifika jua likiwa limeinama. Mlinzi wa geti alimruhusu Chiriku na kumzuia mzee kwa kifua. "Shikamoo, mzee. Wewe nimekatazwa."

Akasubiri nje, amekamata nondo za geti. Hakusubiri sana. Chiriku alitoka anatembea haraka, na nyuma yake Meneja amesimama mlangoni anapaza sauti: uwongo huo umefundishwa na baba yako, ukumbi huu umepimwa na mtaalamu, usirudi hapa hata kudai! Mlango ukafungwa.

"Nimesema," Chiriku akasema. Akaegemeza plasta kwenye nondo. "Nimesema yote. Hakuna aliyesimama."

"Na mumeo?"

"Amesema mmoja wetu lazima abaki na kazi." Akageuka kuangalia madirisha. "Baba, amesimama palepale kwenye ngazi. Ameegemeza mgongo kwenye uzio, mikono kwenye nyuzi za chuma, kama kawaida yake."

Madirisha ya ukumbi yakabadilika rangi, nyekundu, buluu, kijani. Taa zimewashwa. Kisha muziki ukaanza, na besi ikatoka mpaka barabarani, nzito, imebana, safi. Mzee Koili alitega sikio kwa nguvu zake zote, akatafuta chini ya noti zile hata uzi mmoja wa mngurumo umpe habari za chuma. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na besi tu.

Chiriku akamshika baba yake mkono kwa ule mkono wake mzima. Walisimama pale getini, wote wawili, wakisikiliza kidole gumba cha Dole kikigonga nyuzi, na kila kilipopumzika kati ya noti na noti, walishika pumzi mpaka kigonge tena.